Jiwe la Ratili Tano

Siku walipokuja kutuhamisha, mgambo mmoja alijitolea kumbebea bibi yangu mzigo wake wa mwisho. Lori lilikuwa limeshajaa vitanda, vinu, mitungi, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna mkeka wetu bila aibu. Mgambo akaunyanyua ule mzigo, akashangaa uzito wake, akafungua kaniki achungulie.

"Bibi! Jiwe? Tunakupeleka Kwamzindo, hatukupeleki mwezini. Mawe yapo huko."

"Kama hilo halipo," Bibi Mwantumu akasema. "Na ulifunge kama ulivyolikuta, mwanangu. Litapata baridi."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi, maana ndiyo kazi yangu. Mgambo naye alicheka. Lakini nilimwona akilifunga taratibu, ncha juu ya ncha, kisha akalipakata njia nzima kama aliyeachiwa mtoto na abiria mwenzake. Tulipofika alinikabidhi, akajifuta viganja kwenye suruali.

"Lina joto," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Lilikuwa juani."

Halikuwa juani. Lilikuwa uvunguni mwa kitanda cha Bibi tangu kabla sijazaliwa.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, mwaka wa vijiji na mwaka wa njaa, vyote kwa mpigo. Kule mahameni kwetu tuliacha miembe, choo kipya ambacho nilikichimba kwa mikono yangu nikakitumia mara tatu tu, na makaburi. Kwamzindo tulikuta nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kuchapwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, nilipewa kazi ya kupima kwenye duka la ujamaa. Mahindi yetu yalikauka yakiwa na kimo cha goti, kwa hiyo nilichopima ni unga wa msaada, ule wa njano ulioletwa kwa meli, ambao nchi nzima iliubatiza unga wa Yanga. Mimi ni mtu wa Simba. Nilikula kwa uchungu, lakini nilikula.

Sasa nieleze habari ya jiwe. Desturi hii ni ya nyumba yetu tu, usije ukaenda kuwauliza Wazigua wengine, watakucheka. Ni jiwe la mtoni, laini, jeusi, refu kidogo, lina kibonyeo upande mmoja kana kwamba kuna mtu aliyelikandamiza kwa kidole likiwa bado bichi. Uzito wake ni ratili tano. Mwanamke wa nyumba yetu mimba yake ikifika mwezi wa saba, hupewa jiwe. Kila alasiri hulipakata kwa muda wa chungu cha maharage kuiva, ili tumbo lijifunze kipimo: ratili tano, basi. Na chakula chake hupunguzwa. Mayai hapana, nyama hapana, maziwa hapana, ugali tonge sita na mboga ya mchunga ya kuchemsha. Mtoto akizaliwa, anawekwa kwenye kikapu kimoja na jiwe kikapu cha pili, vikapu vinaning'inizwa kwenye ncha mbili za mti, na mti ukilala sawa, Bibi anapiga vigelegele.

Mimi nilipopimwa mti ulilala sawa kabisa. Ndiyo maana mpaka leo shati la mtoto wa darasa la saba linanitosha.

Wanawake watatu wa nyumba yetu walizaa watoto waliolizidi jiwe. Wa kwanza alikuwa dada yake Bibi, wa pili binti yake mkubwa, wa tatu mama yangu. Wote watatu hawakuinuka kwenye kitanda cha uzazi, na makaburi yao ndiyo tuliyoyaacha kule mahameni. Mama alimwacha mdogo wangu Chausiku, ambaye alizaliwa mkubwa halafu akaghairi kukua. Ana miaka kumi na minane na ananifika kwapani, na mimi mwenyewe si mtu wa kufikiwa kwapani na binadamu mzima.

"Kaka," huwa ananiambia, "sisi tulinyimwa mbolea."

Kisha mimi nikamwoa Hamisa.

Katika ukoo wetu vijana wanaoa mabinamu. Mimi nilisoma Korogwe, na Korogwe kuna mambo ya kuona. Hamisa alizaliwa kwenye kambi ya mashamba ya katani. Baba yake, marehemu, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge. Mama yake, Grasiana, ni Mngoni na bado anakwenda kanisani kila Jumapili pale Kilole, wala hakuna aliyewahi kugombana kwa hilo. Hamisa ni mrefu. Tukisimama pamoja macho yangu yanatazamana na vifungo vya gauni lake. Siku nilipomleta nyumbani, Bibi alimtazama kuanzia chini, akapanda, akapanda, akachoka njiani.

"Mume wangu," akaniambia, kama bibi zetu wanavyotuita, "umeniletea mke mwenza au mlingoti wa bendera?"

Hamisa akacheka, akapiga goti, akamwamkia shikamoo. Bibi alimpenda papo hapo. Nasema hivi ili ieleweke. Yote aliyomfanyia baadaye aliyafanya kwa kumpenda.

Mimba ilifika mwezi wa saba tukiwa tumekaa Kwamzindo wiki chache tu. Bibi akalileta jiwe ndani ya kaniki mpya, akalilaza kwenye mapaja ya mke wangu, akamwonyesha jinsi ya kulishika: mkono mmoja chini, mwingine pale kwenye kibonyeo.

"Bibi, na likilia?" nikauliza.

"Ukikaa kimya, litalala," Bibi akasema.

Nilichukulia kama utani. Kesho yake, kwa utani huohuo, nikalibeba mpaka dukani kabla ya kufungua, nikaliweka kwenye mizani. Yale mawe yangu ya kupimia yana mhuri wa serikali na sijawahi kuyatilia shaka hata siku moja. Nikaweka la kilo mbili, la robo, na punje za mahindi kama sitini ili sahani zitulie. Nikapiga hesabu: ratili tano barabara. Wazee wetu walijua kupima, nikasema, nikaona fahari.

Baada ya wiki mbili nililipima tena, bila sababu, kama mtu anavyorudi kujitazama kwenye kioo. Kilo mbili na robo, sahani yake haikunyanyuka. Nikamwaga punje, haikunyanyuka. Nikaongeza jiwe la gramu mia, ndipo ikapanda.

Nikafuta sahani. Nikapuliza vumbi. Nikapima pakiti ya chumvi, ikaja sawa na ilivyoandikwa. Nikalipima jiwe tena, nikalifunga, nikalirudisha nyumbani huku nikipiga mluzi, na mluzi wenyewe ulikuwa unakatika.

Kwa Hamisa nako mambo yalikuwa yakibadilika. Mashavu yaliingia ndani. Mifupa ya mabega ilitokeza kwenye gauni. Alikuwa akibandua udongo wa ukuta wa jikoni na kuutafuna polepole, kama wajawazito wengi wanavyofanya, ila yeye alishachimba shimo la kuingia ngumi. Na alasiri, akiwa na jiwe mapajani, alianza kuwa na utulivu nisioupenda. Hakukaa tena kwa muda wa chungu cha maharage. Alikaa mpaka jua linagusa paa la jirani.

"Hamisa, nipe hilo jiwe ukanyooshe miguu."

"Ngoja kidogo. Ndiyo kwanza ametulia."

"Nani ametulia?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Jiwe," akasema. "Nimesema limetulia."

Hakusema hivyo. Nina masikio mawili na yote mazima.

Siku hiyo niligusa kaniki. Palikuwa na joto, sawa, lilikuwa mapajani mwa mtu. Lakini kuku wetu, wale waliokuwa wakipanda mpaka juu ya chakula, walikuwa wamesimama mbali, mduara mzima, vichwa upande, wanatazama.

Nikajitia moyo, nikamfuata Bibi uani, akichambua mchunga.

"Bibi, jiwe linakua."

"Najua."

"Mawe hayakui, Bibi."

"Ndiyo maana naogopa," akasema, wala hakuinua uso. "Mimi sina mizani yako, mume wangu. Nina hii." Akanionyesha viganja vyake. "Linakua tangu Ijumaa ya pili. Kwa dada yangu lilikua. Kwa mwanangu mkubwa lilikua. Kwa mama yako nilifikiri nimechoka tu, mikono imezeeka, nikampa maziwa kwa kumwonea huruma. Likafika ratili nane kasoro kidogo. Alikaa siku tatu kitandani, Mdoe. Siku tatu. Mtoto alikuwa mzima, anasukuma, na mlango hakuna."

Aliponiita kwa jina langu nikajua hakuna tena utani.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kuanzia leo ni uji. Uji mwepesi, asubuhi na jioni. Njaa itamtesa, lakini njaa haiui haraka kama mtoto mkubwa."

Nilitaka kubishana. Lakini makaburi matatu hayabishiwi na mtu mwenye D ya Baiolojia. Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu katika habari hii, na ninaliandika nisije nikajifanya sikuliona. Kwa siku tisa nilimtazama mke wangu akinywa maji yenye rangi ya unga, na nikanyamaza.

Siku ya kumi nilikuwa dukani nikawaona Hamisa na Chausiku wakiniletea maji kutoka kisimani, kila mmoja na ndoo kichwani. Duka letu lina mlango wa nyuma mwembamba, fundi aliishiwa mbao. Chausiku akapita na ndoo yake moja kwa moja, kushoto na kulia pakabaki nafasi ya mtu mwingine. Hamisa, na kukonda kote kule, alijaribu kupita, nyonga zikagusa mbao pande zote mbili. Akageuka ubavu. Kisha akajishika ukutani, ndoo ikaanguka, na yeye akaanguka juu yake.

Tulimmwagia maji, akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Yuko wapi?" Chausiku akanitazama. Akakimbia nyumbani, akaleta jiwe, na Hamisa alipolipakata rangi ikamrudia usoni.

"Kaka," Chausiku akaninong'oneza, "lile jiwe linamla wifi yangu."

Lakini mimi bado nilikuwa natazama ule mlango. D yangu ilikuwa ya haki, niliisomea, na palepale ikanilipa. Wanawake wote waliokufa walikuwa mfupa mmoja. Binamu kaoa binamu, mtoto wao kaoa binamu, nyonga zilezile zinazunguka nyumba ileile kama sufuria ya urithi. Kwa nyonga hizo, ratili tano ni haki, na ratili nane ni kifo. Hamisa mifupa yake haikutoka kwetu. Ilitoka Tabora na Songea ikakutana kwenye katani. Hakuna mtu katika nyumba yetu, tangu wa kwanza aliyeokota jiwe lile mtoni, aliyewahi kufikiria kwamba litapakatwa na mtu wa mlango mwingine. Tulikuwa tunamfungia mgeni kwa ufunguo wa nyumba yetu.

Kama nilikuwa sahihi. Kama nilikosea, nitakuwa nimechimba kaburi la nne.

Jioni nikamwambia Bibi kwamba kesho yake nampeleka Hamisa kwa mama yake, Kilole, karibu na hospitali. Nilitegemea ugomvi. Alipangusa macho kwa ncha ya kanga.

"Mchukue. Lakini jiwe liende naye."

"Bibi—"

"Likiachwa halitakaa," akasema. "Litamfuata, na halijui njia ya lami."

Niliapa moyoni kwamba nitalitupa mto Pangani. Basi lilipofika Korogwe ya zamani, likapunguza mwendo pale darajani, dirisha likiwa wazi, nikaingiza mkono kwenye kikapu. Hamisa alikuwa amelala begani kwangu, yaani mimi ndiye niliyekuwa begani kwake. Bila kufumbua macho akasema, "Mdoe, mwache. Anaogopa maji." Nikautoa mkono kama ulioungua.

Mama Grasiana alitupokea mlangoni. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, na sura yake haikuwa ya kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Nilikupa msichana, umenirudishia fito. Mlikuwa mnamtumia kuezekea?"

Nikaokota kikapu, nikawafuata ndani.

Siku hiyohiyo chungu kikabandikwa. Kulikuwa na maharage, perege wa mtoni, mayai mawili asubuhi, maziwa ya kwa jirani, ndizi za kutoka Mashewa. Njaa ilikuwa Korogwe pia, lakini yule mama alikuwa akifahamiana na kila mwenye kuku kuanzia Kilole hadi kambini. Kuhusu jiwe, alilikuta mezani, akaona limekaa vizuri mkononi, akatwangia karanga. Alitwanga mara tatu. Mara ya nne akasimama, akaliosha kwa maji ya uvuguvugu, akalikausha kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Hiki kitu ni nini, mkwe?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimezaa watano," akasema. "Mwepesi wao kuliko wote alikuwa kilo tatu na nusu, na kesho yake nilikwenda kuteka maji. Mwambie bibi yako hivyo." Kisha akafanya ishara ya msalaba juu ya jiwe, haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Hamisa alinenepa mbele ya macho yetu. Alirudi kucheka. Alianza kunitania tena kuhusu kimo changu, nikajua mke wangu amerudi. Na jiwe lilikua. Sokoni palikuwa na mwuza samaki mwenye mizani nzuri, na kila Jumamosi nilikwenda na kikapu changu. Alidhani mimi ni kichaa wa mji mwingine. Kilo mbili na mia saba. Kilo tatu kasoro. Kilo tatu na mia mbili.

"Bwana mdogo," akaniuliza, "unamlisha nini huyo?"

"Mayai," nikasema.

Huko ndiko nilikoanza kuelewa, au kufikiri naelewa. Jiwe halikuwa likimla Hamisa, na wala halikuwa likilifundisha tumbo lake. Tumbo ndilo lililokuwa likilifundisha jiwe. Na jiwe lilikuwa likituambia atakapofika mtoto, si alipo. Damu ya kina Hamisa ilimsukuma juu, sufuria ya kwetu ikamvuta chini, na jiwe likaonyesha nani anashinda. Lingeweza kuongea lingesema tu: huyu ni mkubwa. Kufa au kupona, hilo halikuwa lake. Nilijirudia maneno hayo kila siku. Jumamosi ya mwisho mizani ikasema kilo tatu na mia sita. Nikabadili kwa ratili nikiwa nimesimama katikati ya magamba ya samaki: nane kasoro kidogo. Ya mama yangu.

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumanne. Saa mbili asubuhi tulikuwa hospitali. Wakamwingiza ndani na mama yake, mimi nikaachwa nje kwenye benchi na kikapu. "Usimwache peke yake," Hamisa aliniambia mlangoni, na sikuhitaji kuuliza nani.

Nikalipakata. Sikuona aibu, wanaume wengine kwenye benchi walikuwa na mambo yao. Mkono mmoja chini, mwingine kwenye kibonyeo. Lilikuwa zito kuliko mizani ilivyosema, na lilikuwa linatoa joto kwa vipindi. Linapanda, linashuka, linapanda. Ndani nilimsikia Hamisa akipiga kelele, na kila alipopiga kelele lilipanda. Vipindi vikakaribiana. Nilijaribu kukumbuka kichekesho chochote, hata kimoja. Kichwa kilikuwa kitupu kama ghala letu.

Kisha likawa jepesi.

Halikupungua polepole. Lilishuka kama mtu anayepumua pumzi moja ndefu, na mikono yangu, iliyokuwa imejikaza, ikapanda juu yenyewe. Papo hapo likaanza kupoa. Ndani kukawa kimya.

Sijui kimya kile kilichukua muda gani. Nilifikiri: Mama naye, lilipokuwa jepesi, nani alikuwa amelishika?

Mlango ukafunguliwa, akatoka nesi akiwa anajikausha mikono.

"Mwenye Hamisa ni nani?"

Nikasimama. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, kama anatafuta mtu mwingine mkubwa kidogo.

"Wewe? Haya. Msichana. Kilo tatu na mia sita. Na mama yake anaulizia ugali."

Nilikaa chini. Nililia mpaka mzee mmoja jirani yangu akanipa leso, akanipa na pole, akidhani nimefiwa.

Tulirudi Kwamzindo baada ya mwezi. Bibi alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamnyanyua, akamshusha, akamnyanyua tena. Hakuomba vikapu wala mti. Alimtazama Hamisa amesimama pale, ameziba mlango mzima, hai. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, kikageuka kicheko tena.

"Mlingoti," akasema. "Mlingoti wangu."

Nikamweleza habari ya mifupa. Alielewa haraka kuliko mwalimu wangu wa Baiolojia. Kisha mkono wake ukaanza kupapasa kiuno cha mtoto, huku na huku, kama mtu anayechagua kitambaa.

"Na huyu mlango wake ni wa wapi?" akauliza. "Wa kwao au wa kwetu?"

Hakuna aliyejua. Hakuna mizani ya hilo.

Jiwe nililipima siku ileile: kilo mbili, robo, punje sitini. Ratili tano, baridi, jiwe tu. Kuku wakapita juu yake. Nikalirudisha uvunguni, nikafikiri limemaliza kazi.

Mvua zilinyesha mwaka ule wa sabini na tano, mahindi yakasimama. Baada ya mavuno Chausiku aliolewa na binamu yetu Mwinjuma, wakajenga mstari wa pili, hatua arobaini kutoka kwetu. Bibi alifurahi na hakufurahi.

Jumatatu iliyopita nilikuwa nafagia chumba cha Bibi, nikalisukuma jiwe kwa mguu. Halikwenda. Nikalibeba mpaka dukani. Kilo mbili, robo, punje sitini. Sahani haikunyanyuka. Nikamwaga konzi nzima ya mahindi. Haikunyanyuka.

Hamisa ananyonyesha, nikajiambia. Hamisa hawezi. Na nyumbani hakuna mwingine.

"Shikamoo, kaka!" Chausiku alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, ule mwembamba, kushoto na kulia pakabaki nafasi. Alikuwa anacheka, na alikuwa anatafuna.

"Marahaba. Unatafuna nini?"

Akaficha mdomo kwa kiganja kama mtoto. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa udongo wa ukuta.

"Hakuna kitu. Nina njaa tu, kaka. Siku hizi nina njaa kama sijui nini. Huna hata yai hapo?"

Nilikuwa nayo, trei nzima, nyuma yangu. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya mayai na mwingine juu ya jiwe, na jiwe lilikuwa limeanza kupata joto. Kwa Hamisa nilijua la kufanya. Kwa Chausiku, mwenye mifupa ya mama yangu, sikujua kama yai hilo ningempa ningekuwa namlisha au namzika.

"Kesho kuna basi la Korogwe," nikamwambia. "Utakaa kwa Mama Grasiana mpaka wakati ufike. Pale hospitali wana daktari wa kupasua."

"Kupasua? Kupasua nini, kaka? Mbona unanitania na sura ya msiba?"

Nikamtolea yai moja. Moja tu. Akalipokea kwa mikono miwili, akalipima kidogo kiganjani kabla ya kuondoka, vilevile kama Bibi anavyofanya.